Shemeji wa Kwenye Kitabu

Riwaya ya kwanza niliyoisoma mpaka ukurasa wa mwisho ilihusu mzee tajiri aliyetiliwa sumu kwenye kahawa, na sikuipenda. Nilimwambia hivyo karani aliyeniazima. Akaudhika kidogo, maana yeye aliihesabu kati ya riwaya nzuri kabisa, akaniuliza kosa lake nini.

"Mule ndani hapana mutu mwenye alilia," nikamjibu. "Muzee amekufwa asubuhi, saa sita banakula nyama, magaribi banacheza karata. Kilio iko wapi? Majirani bako wapi?"

"Ni roman ya polisi. Kazi yake ni kutafuta mwenye aliua."

"Bon, batafute. Mais balie kwanza."

Dada yangu mkubwa, aliyekuwa akishona karibu nasi, alicheka mpaka akasimamisha cherehani. Karani naye akacheka mwishowe. Ndivyo tulivyoanza.

Alikuwa karani wa tribinali pale Beni, mtu wa Kasai, mkoa wa mbali, Mkatoliki, mrefu, mwenye miwani. Serikali ilikuwa imemtuma kwetu miaka michache kabla, na Kiswahili alikuwa amejifunzia mahakamani, kwa hiyo kilijaa maneno ya mashtaka. Akitaka kusema kwamba mtoto fulani amevunja sahani, alisema mtoto anashitakiwa. Dada yangu nilimwita Yaya, kama wadogo wote wa kwetu wanavyowaita wakubwa wao. Alikuwa mjane. Mumewe alipokufa, Butembo, shemeji yake alichukua nyumba pamoja na shamba la mlimani, akisema kwamba mwanamke ambaye hakuzaa na ndugu yao hana anachongojea pale. Baba yetu alikuwa shemasi katika kanisa la Kiprotestanti, mtu mwenye kuheshimiwa na kila mtu, na yeye na shemeji huyo walikuwa wakisali pamoja. Baba alimwambia Yaya aache, Mungu anaona. Yaya hakubishana. Alifunga nguo zake, akaenda Beni, akapanga vyumba viwili mtaa wa Bungulu na kujifunza kushona kwa jirani. Mimi nilitumwa kumfuata ili asikae peke yake. Mama yetu alikuwa amekwisha kufariki.

Cherehani aliipata wakati wa uhuru. Wazungu wengi wa Beni waliondoka kwa haraka siku zile, na vitu vyao vilitandazwa kwenye majani mbele ya nyumba ili vinunuliwe: viti, sahani, kitanda cha mtoto, hata beseni kubwa la kuogea ambalo watu walilizunguka bila kujua wangelipeleka wapi. Yaya alichukua cherehani ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Karani alichukua sanduku la vitabu ambalo hakuna mwingine aliyelitaka. Walitoka pamoja, akamsaidia kubeba, na tangu siku ile suruali zake zote zilishonwa Bungulu.

Siku moja alinikuta nikisoma gazeti la zamani ambalo Yaya alikuwa akilikatia vipimo vya nguo. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni ya wasichana, Kifaransa changu kilitosha kwa gazeti. Jumamosi iliyofuata alikuja na suruali ya kupunguzwa na, juu yake, ile riwaya ya sumu.

Nyumbani kwetu kulikuwa na Biblia, kitabu cha nyimbo, na kijitabu cha kilimo cha kahawa. Riwaya Baba aliziita uongo wenye jalada. Basi mwanzoni nilisoma kwa woga, kama mtu anayekula kwenye nyumba ya jirani. Lakini Yaya alitaka kujua nasoma nini, nikawa namsimulia huku anashona, na woga ukapungua kwa sababu tulikuwa wawili.

Ya pili ilikuwa ya mapenzi. Muuguzi na daktari walipendana tangu ukurasa wa kwanza, lakini hawakuambiana mpaka kitabu kilipokaribia kwisha. Muuguzi alimwona daktari sokoni akageuka. Alimwona hospitalini akaangusha chupa. Mimi nililia mahali pawili. Yaya alisikiliza yote, akaniuliza: "Ule muganga, hapana shangazi?"

"Kitabu hakisemi."

"Na ule binti, hapana shangazi?"

"Hakisemi."

"Donc ni yatima babili. Shangazi moja tu angefika pale na kuku mukononi, ile kitabu ingekwisha mbele ya sombe kuiva."

Nilimpelekea karani maoni hayo, akakubali kwamba yana nguvu. Lakini alisema kuna watu ambao hawana shangazi karibu, na mtu wa namna hiyo ajifunze kusema mwenyewe, na kujifunza huko kunaweza kuchukua kitabu kizima. Alisema hivyo akiangalia suruali. Yaya aliniangalia mimi.

Ya tatu ndiyo aliyoipenda karani kuliko zote. Mzungu mmoja alikwenda jangwani kutafuta mji uliofunikwa na mchanga. Nilikiri kwamba ilikuwa tamu. Sura ya nyoka ilinifanya nipandishe miguu kwenye kiti. Lakini wapagazi walikuwa wananisumbua. Walikuwapo mwanzoni, wengi, wamebeba masanduku. Mmoja alikufa kwa kiu, mwingine kwa nyoka, wengine wakatoroka, na mwishoni yule Mzungu amefika kwao na masanduku yake yote yamo chumbani.

"Nani alibeba sanduku mpaka kule?" nikamwuliza karani.

Aliivua miwani, akaipangusa kwa shati. "Babu yangu alibebaka mizigo ya Bazungu," akasema. "Njo kazi yenye ilimuharibu mugongo. Nimesoma ile kitabu mara mingi, na ata siku moja sikumutafuta mule ndani."

Hakukasirika. Alikwenda nyumbani, na Jumamosi iliyofuata aliniambia kwamba ameisoma tena akiwafuata wapagazi tu, na imekuwa kitabu kingine, kibaya zaidi. Mimi sijui wasichana wengine walipendea nini wanaume wao. Mimi nilianza pale.

Ya nne ilikuwa nene, na karani alinipa kabla hajaimaliza mwenyewe, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kusoma. Mwanamke mmoja alikuwa na shamba la viazi katika nchi ya baridi. Mume wake alikwenda vitani akafa huko, na kabla kilio hakijaisha shemeji alifika akiwa na farasi, akasema shamba ni la damu ya ndugu yake. Mwanamke hakuondoka. Alilima, akapigana na baridi, akafukuzwa, akarudi kulala ghalani, akalima tena. Yaya alinitaka niisome kwa sauti, nikiigeuza Kiswahili sentensi kwa sentensi. Cherehani haikuzunguka. Tulipofika mahali ambapo shemeji alikata uzio, Yaya alisema, "Rudia," nikarudia. Hakutoa maoni yoyote. Usoni mwake nilimwona yule mwanamke, amevaa kitenge.

Nilikuwa karibu na mwisho wa usomaji wa pili ndipo uasi ulipofika.

Tuliusikia kwanza kwenye redio za watu, halafu barabarani. Askari walipanda malori wakaenda. Wenzake karani kazini, waliotoka mikoa mingine, waliondoka mmoja mmoja. Waasi walisema wanakuja kukamilisha uhuru, lakini habari zilizowatangulia zilisema kwamba kila aliyeshika kalamu ya serikali walimwita adui. Mwenye miwani, mwenye Kifaransa, mwenye vitabu, huyo alikuwa amejishitaki mwenyewe.

Karani alikuja Bungulu mchana, sanduku begani. Alilitua mlangoni. "Nilikuya kuwaaga," akasema. "Nitaenda kwa miguu."

"Wapi?" Yaya akamwuliza.

"Kasai."

"Kasai ni mbali sana. Kiswahili yako itakushitaki mbele ya kufika mutoni." Yaya alikuwa amekwisha kuanza kufungua skrubu zilizoshikilia cherehani kwenye meza. "Miye na mudogo wangu tunarudia Butembo kwa baba yetu. Nahitaji mutu wa kubeba hii machini. Vua viatu."

Alivua. Yaya alimpa shati la marehemu mumewe, lililochakaa mabegani, na miwani tuliifukia ndani ya mfuko wa unga. Nywele alizokuwa amezipasua kando kwa kitana tulizivuruga kwa jivu. Halafu tukabaki na sanduku.

Tulivichoma vitabu jikoni, na kwa moto wake tulipika chakula cha njiani. Ile ya polisi ilishika haraka, na mimi, Mungu anisamehe, sikuihurumia. Ile ya muuguzi na daktari ilitoa moshi mwingi bila kuwaka, na Yaya akasema hata ndani ya moto wale hawajui kuamua. Ile ya jangwani karani aliitia mwenyewe. Ile nene Yaya aliishika mkononi muda mrefu. Alitaka kuifunga ndani ya vitenge.

"Kitabu moja inatosha kutuua batatu," karani akasema.

"Miye sijui kuisoma, nitasema ni ya kufungia sabuni."

"Yaya," nikamwambia, "naijua yote. Iko hapa." Nikagusa kichwa. Akanipa, nikaitia mimi, kurasa chache chache ili ndizi ziive vizuri.

Tulipita vijia vya mashambani, katikati ya migomba, tukiikwepa barabara kubwa. Usiku tulilala kwa mwanamke aliyewahi kushonewa na Yaya. Kesho yake ilitubidi tuvuke daraja, na darajani waasi walikuwapo. Walikuwa wamejifunga majani kichwani, wengine wana bunduki, wengi wana mikuki. Mkubwa wao alivaa koti la kijeshi lililochanika begani mpaka kifuani.

"Huyu ni nani?" akauliza, akimwonyesha karani.

"Ananibebeaka machini," Yaya akasema.

"Machini inatumika?"

"Ulete hiyo koti, utaona."

Alimpa. Yaya alikaa chini kwenye majani, akaiweka cherehani juu ya jiwe pana, akaniambia nizungushe mkono wa cherehani huku yeye akiongoza kitambaa, na karani ashike upande wa pili ili koti lisivute. Alipomaliza, mwingine alileta suruali. Halafu mwingine shati. Asubuhi yote ilikwenda hivyo, wao wakipanga foleni kama watu wa kliniki.

Mimi nilizungusha, na macho yangu hayakutoka puani mwa karani. Pale juu, pande zote mbili, palikuwa na vishimo viwili vidogo ambavyo miwani huviacha. Sikuwa nimewahi kuviona. Nilikuwa nimemcheka inspekta wa kwenye ile riwaya ya polisi, aliyemkamata mtu kwa sababu ya alama ya pete kidoleni. Nilisema hakuna anayetazama watu namna hiyo. Sasa nilimwomba Mungu kwamba katika wale vijana wote pasiwe hata mmoja anayesoma riwaya.

"Weye," mkubwa wao akamwambia karani, "unatoka kijiji gani?"

Karani aliinua kichwa. Kabla hajajibu, Yaya, bila kusimamisha mkono, akasema, "Papa, usimuongeleshe. Akitikisika kidogo, mukono ya hii shati itakaa mugongoni. Njo unataka?"

Wenzake walicheka. Mwenye shati akasema aachwe basi amalize. Tuliposhona la mwisho walituambia tupite, na mmoja alitusindikiza mpaka mwisho wa daraja akiisifu suruali yake. Tulitembea mpaka daraja likawa nyuma ya kilima. Pale karani alikaa chini, na Yaya akamkatia ndizi.

Baba alikuwa mlangoni tulipofika. Habari za karani wa Kasai zilikuwa zimekwisha kumfikia kwa midomo ya wauza mboga, na alikuwa amenitumia maneno mara mbili kwamba nirudi nyumbani. Alimtazama yule mtu mwenye jivu kichwani na cherehani begani. Nilijua kwamba amemjua.

"Bamekula?" akamwuliza Yaya.

"Hapana, Tata."

"Bakule kwanza."

Baada ya obundu, ugali wa kwetu, na maharagwe alisema kwamba nyumba ya mjini si mahali pa kumficha mtu, maana waasi watakuwa mjini leo au kesho. Tulipanda wote wanne mpaka shambani kwake, juu kabisa, ambako kulikuwa na kibanda cha kulinda mazao. Baba alitupa sisi wawili upande wa jiko, na yeye akalala upande wa mlango pamoja na karani, ili atakayekuja amkanyage yeye kwanza.

Tulikaa kule mpaka maharagwe yalipovunwa. Karani hakujua kulima. Malengelenge yalipasuka mikononi mwake, na Baba alimfundisha kushika jembe bila kumcheka. Mvua ikinyesha tulikaa kibandani tukipura na kuchambua. Siku moja karani aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kitu kimoja kinamwuma, hata kama ni upuuzi: ile riwaya nene hakuimaliza. Aliishia pale shemeji alipofika na farasi.

Nikaanza kumsimulia. Nilisema polepole, kwa Kiswahili, ili Yaya naye asikie. Baba alikuwa pembeni akichonga mpini wa jembe, amegeuza mgongo. Kisu kikawa kinakwangua, kikatulia, kikakwangua tena.

"Ngoja," akasema ghafla. "Ule bwana yake alikufwa wapi?"

"Ku vita, Tata."

"Na shemeji alikuya lini?"

"Mbele ya kilio kwisha."

Baba alitikisa kichwa. "Banakuyaka tu vile," akasema, akarudi kwenye mpini wake.

Sikujua kama nimeruhusiwa kuendelea. Karani alinionyesha kwa macho niendelee.

Kesho yake Baba hakungoja mvua. Tulipokuwa tukipumzika alikuja kukaa karibu nasi, akauliza, "Ule mwanamuke amefikia wapi?" kana kwamba alikuwa njiani akipanda kwetu. Nikamweleza kwamba amefukuzwa, lakini amerudi kulala ghalani. Baba alisema si vizuri, ghalani kuna baridi. Alitaka kujua viazi vya huko vinapandwa namna gani, na udongo una rangi gani. Kitabu hakikusema rangi ya udongo, na Baba aliona hilo ni kosa kubwa la mwandishi. Siku nyingine nilijaribu kumsimulia ya jangwani, akaikataa mapema: "Kwani kwabo hapana mashamba, mpaka aende kutafuta mji ndani ya muchanga?" Alirudi kwa mwanamke wa viazi. Alimchukia shemeji yule mpaka akawa anampa majina ya Kinande, lugha yetu, ambayo sikujua kama shemasi anayajua.

Siku nilipofika mahali pa uzio, Baba alisimamisha mikono.

"Mais ule mwanamuke," akasema, "baba yake iko wapi? Mutoto ananyanganywa shamba, analala pamoja na farasi, na baba yake haonekane?"

Kitabu hakikuwa na baba. Nilitaka kusema hivyo. Lakini Yaya, aliyekuwa ameinamia ungo, akatangulia kujibu.

"Ako," akasema. "Anakaa pale karibu. Ni mutu mukubwa wa kanisa. Anaogopa kelele."

Yaya aliendelea kuchambua, akitoa mawe na kuyatupa nje. Baba alimtazama, kisha akatazama ungo. Halafu alisimama, akachukua jembe lake, akaenda mpaka mwisho wa shamba, ingawa mvua ilikuwa imeanza na hakukuwa na kitu cha kulima upande ule.

Nilidhani atakasirika. Jioni aliomba kama kawaida, akamtaja kila mmoja wetu, na kabla ya amina alinyamaza muda mrefu mpaka karani, ambaye hakuzoea maombi yetu, akafumbua macho kutazama kama yamekwisha. Baba hakugusia jambo lile. Lakini tangu siku ile alikuwa anamletea Yaya maji ya kunawa yeye mwenyewe asubuhi, na Yaya aliyapokea.

Waasi waliondoka Butembo kama walivyokuja, kwa kelele. Askari wa serikali walirudi. Watu walishuka kutoka milimani na magodoro yao, wakafagia nyumba, wakazika waliokuwa hawajazikwa. Siku zile zilikuwa na huzuni nyingi, na sitasema zaidi, maana kila familia ina yake. Sisi tulikuwa wazima wote wanne.

Hatukuwa tumemaliza hata kupanga vyombo ndipo Baba alipovaa koti lake la Jumapili, siku ya kazi. Alimwita Yaya. Kisha akamwita karani.

"Weye utakuya na siye," akamwambia. "Usiseme kitu. Ukae tu. Mais uvae lineti zako."

Karani alitafuta miwani yake kwenye mfuko wa unga, akaipangusa, akaivaa. Mimi nilibaki nyumbani, nikapata yote kwa Yaya baadaye. Walimkuta shemeji uani. Baba alikataa kiti. Alisema, "Mwenzangu, tunasali kanisa moja, na wakati ulimufukuza mutoto wangu mimi nilinyamaza. Nilisema Mungu anaona. Mungu aliona, na aliniona na miye." Halafu akasema amekuja kuchukua shamba la mlimani, na kwamba hataondoka, na kama ni kelele, basi leo ziwepo.

Kelele zilikuwapo. Majirani walijaa. Shemeji alisema mengi, na kila aliposema alimtupia jicho yule mrefu mwenye miwani aliyekaa kimya kabisa, mikono magotini, kama mtu anayekumbuka kila neno. Wazee wa kanisa waliitwa. Jua lilipokuwa linateremka walikubaliana: nyumba ingebaki kwa shemeji, maana alikuwa amekwisha kuwaoza watoto mule ndani, shamba lingerudi kwa Yaya. Yaya aliniambia kwamba nyumba haikumwuma tena. Alitaka udongo.

Alipanda viazi msimu uleule. Baba alikwenda naye siku ya kwanza, akakagua mipaka, na hakumfundisha chochote. Alishika tu upande mmoja wa kamba ya kupimia mistari.

Baadaye karani alikuja kwa Baba kwa ajili yangu. Alikuja peke yake, kwa kuwa watu wake walikuwa Kasai na njia zilikuwa bado mbaya. Alisimama katikati ya chumba, mtu aliyewahi kusimama mbele ya mahakimu, na Kiswahili chote kikamtoka.

"Nani atakusemea?" Baba akamwuliza. "Mwanaume hajisemee mwenyewe hapa kwetu."

"Miye nitamusemea," Yaya akasema kutoka jikoni. Akaingia akijipangusa mikono, akakaa upande wa karani, akimwacha Baba peke yake upande wa pili. Alisema kwamba huyu mtu alibeba mzigo wake kutoka Beni bila kulalamika, kwamba ni Mkatoliki lakini hajamsikia akitukana, kwamba hana mbuzi wa kuleta leo lakini ana mshahara siku serikali itakapoukumbuka. Baba alisikiliza kwa heshima zote, kama anasikiliza ukoo mzima. Alileta shida moja moja, na Yaya alizijibu moja moja. Ya kanisa ilichukua muda mrefu. Mwishowe Baba alisema, "Tulilala naye mulango moja. Namujua namna anakoroma. Bachungaji watasema yabo." Wachungaji walisema yao, padri alisema yake, na sisi tulioana.

Serikali ilimrudisha kazini, ikampeleka Manguredjipa. Tulikwenda kwa lori, siku nzima kwenye matope, abiria wakishuka kusukuma na kupanda tena. Nyumba tuliyopewa ilikuwa na mlango mmoja mzuri na paa linalovuja. Aliyekaa pale kabla yetu alikuwa ameacha kwenye kidirisha cha jikoni riwaya isiyo na jalada, imevimba kwa unyevu. Mume wangu aliifungua kabla hata hatujashusha godoro. Alikaa juu ya gunia, akanisomea kwa sauti wakati nikiwasha moto.

Ilianza na mvulana anayeondoka kwao bila kuaga.

"Sipende huyu," nikasema. "Mama yake atamutafuta mpaka wapi?"

"Tumesoma ukurasa moja tu," akasema mume wangu.

"Soma, nasikia. Mais nimekwisha kukuambia."

Alisogea karibu na moto ili aone vizuri, akasoma ukurasa wa pili.